Katibu Aliyesikilizwa Barabarani

Mwaka 1958, Benadetha alipanda basi Muleba kwenda Bukoba kumtazama dada yake aliyejifungua. Nyuma yake walikaa wanaume wawili wa kinu kimoja cha kahawa: Rugemalira, katibu wa chama cha wafanyakazi, na Ndyamukama, mpakiaji wa magunia. Wenzao watatu walikuwa wamefukuzwa kwa kudai muda wa kula, na saa nne wafanyakazi wangekutana mjini kuamua kama wagome.

"Mimi nipo nanyi moyoni," alisema Ndyamukama.

"Moyo haupigi kura, ndugu yangu! Siku ngumu kama hizi, kila mtu aache kazi palepale alipo!"

Benadetha alijikuta akiitikia kwa kichwa, ingawa alilima migomba yake mwenyewe na hakuwa na wa kumgomea.

Kabla ya Kemondo, katikati ya kilima, basi lilisimama. Dereva, mzee Karugendo, alizima injini, akashuka, akaketi kwenye majani.

"Limeharibika?" aliuliza Rugemalira.

"Hapana. Nimegoma. Maneno yako yameniingia, katibu. Hata mimi sipewi muda wa kula."

"Waitu!" alilia Rugemalira kwa Kihaya. "Mkutano hauwezi kufunguliwa bila mimi! Washa gari, mzee wangu!"

"Unaniambia nivunje mgomo?"

Ndyamukama alikwisha kuketi kando ya dereva, ametulia kabisa. Benadetha akajitwika kikapu chake, akashika njia kwa miguu. Nyuma yake alimsikia katibu akimbembeleza dereva arudi kazini, kama tajiri yeyote aliyegomewa.