Mpagazi Ametua Mzigo: Mwalimu Jamaldini Nasri Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2003, Mwalimu Jamaldini Nasri anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, ishirini na minne kati yake akiwa hapa shuleni kwetu, jirani na Hombolo. Uongozi umenipa mimi, Restuta Sogodi wa Kiswahili, kazi ya kuandika wasifu wake. Walisahau kwamba mimi ni Mgogo na yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, yaani mtani wangu wa haki. Mtani hapewi kalamu halafu akategemewa asifu tu. Yatakayomkuta humu ayapokee.

Mwalimu alianza kazi Urambo mwaka 1966, akahamia kwetu 1979 akiwa na sanduku la bati, redio na suti moja ya rangi ya ugoro aliyoipenda kupita kiasi. Somo lake ni Historia, na hakuwahi kukubali kwamba historia inakaa vitabuni. Mada ya misafara ya biashara aliifundisha kwa kuwapanga Kidato cha Pili mstari mmoja, kila mtoto na kiti kichwani, wakazunguka uwanja wa mpira jua la saa saba. Wazazi walikuja juu. Akawaeleza habari za wapagazi kwa utamu hadi baba mmoja naye akaomba kiti.

Mwaka 1996, biashara zikiwa zimefunguliwa na kila mtaa wa mjini una kibanda cha video, mwanafunzi wake wa zamani, Kudra, mwenye duka la vyombo vya umeme Dodoma, alituletea zawadi ya kamera ya video iliyokwisha kutumika. Mwalimu akaanzisha klabu ya wanafunzi kurekodi historia ya vijiji vyao. Kanda ya kwanza, iliyohusu boma la Mjerumani, ilionyeshwa mbele ya bodi ya shule. Haikuchukua muda Mjerumani akapigwa teke la kuruka, na kuanzia hapo ikawa kareti tupu, Petro wa Kidato cha Tatu akifa na kufufuka atakavyo. Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza kama sehemu ya pili ipo.

Mkuu wa Shule wa wakati huo, Mwalimu Anyesi, hakuona cha kuchekesha. Akaamuru kamera iuzwe, yanunuliwe mabati ya bweni la wasichana. Mwalimu Jamaldini alimwomba kanda moja ya mwisho, akakubaliwa kwa masharti mawili: isiwe na teke, na iwe na historia. Sisi majirani zake tulimwona alivyokonda siku hizo. Aliamini kabisa kwamba watoto wasipoyachukua maneno ya wazee wakati ule, wazee wangeondoka nayo.

Akawapeleka wanafunzi wa klabu kwa Mzee Bartolomayo Ndahani, mtu pekee aliyebaki anayekijua kisima walichonywea wapagazi wa Kinyamwezi wakielekea pwani. Kosa la Mwalimu ni kuongozana nao mwenyewe. Alimwamkia mzee shikamoo. Badala ya kuitikia, mzee akamuuliza mzigo ameuacha wapi. Mwalimu alipotaja kisima, akaambiwa hakuna Mnyamwezi aliyewahi kunywa maji ya Ugogo bure. Zamani misafara ilitoa nguo ndipo ikapita, na huyu naye atoe. Mwalimu akacheka. Mzee akalaza fimbo yake katikati ya njia, akaketi nyuma yake.

Yudith, aliyeshika kamera, hakuizima, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mzee akiongea kamera haizimwi. Ndiyo maana ushahidi wa koti la ile suti ya ugoro likivuliwa tunao. Mzee alikagua mishono, akatangaza kwamba hilo ni la kupita, la kunywa maji bado. Shati likafuata. Kisha akaitupia jicho suruali, wasichana wakageukia pembeni, na mazungumzo yakawa marefu kidogo. Suruali ilisamehewa. Mwalimu wetu wa Historia akaenda kisimani na fulana ya ndani yenye matundu, Petro akiwa nyuma anacheka mpaka anakaa chini. Koti halikurudi, mzee alilivaa kanisani kila Jumapili.

Kisimani palikuwa na mafungu ya mawe, pamefagiliwa pakapendeza. Mzee akavua kofia, na utani ukaisha. Alisema yale ni makaburi ya wapagazi walioishiwa nguvu njiani, misafara ikawaacha. Babu yake aliwazika, baba yake akafagia, naye anafagia. Mwalimu akauliza kwa nini wote hao wahangaike hivyo kwa ajili ya wapita njia wasiowajua hata majina.

"Ni watani zetu," mzee akajibu. "Ulitaka wazikwe na nani?"

Mwalimu Jamaldini alilia pale pale mbele ya wanafunzi wake, na Yudith akaendelea kurekodi.

Mwalimu Anyesi aliitazama kanda hiyo ofisini, mlango umefungwa. Tulimsikia akicheka mwanzoni tu. Alipotoka alisema mabati yatafutwe kwingine. Tangu hapo klabu imerekodi vijiji vyote vinavyotuzunguka mpaka Buigiri, na kuna wanafunzi waliozisikia sauti za babu zao kwenye kanda hizo tu. Shule nzima tunajivunia jambo hilo, na mimi mtani wake nalisema bila mzaha.

Mzee Bartolomayo alifariki mwaka 1999. Tangu wakati huo, anayefagia pale kisimani kila Jumamosi ni Mwalimu Jamaldini. Tabora harudi, wajukuu wa mzee wamempa kiwanja karibu na makaburi yale, na msingi wa nyumba umeshachimbwa.

Mwalimu, asante kwa watoto wetu, na asante kwa wazee wetu. Tunakutakia maisha mema, yenye afya na marefu sana. Na siku yako itakapofika, usiwe na wasiwasi. Wa kukuzika tupo, ila hatuna haraka.