Mtoto Ambaye Mwalimu Hakumwuliza

Ndugu waombolezaji, lipo jambo moja ambalo Mwalimu Florian Tadei Hyera ameondoka bila kulipatia jibu, nalo ni kwa nini mtoto Irena, mwanafunzi wake, alinyamaza.

Mwalimu alizaliwa Mapera tarehe 3 Mei 1924, akasoma hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1945, akafundisha Lituhi, na tarehe 12 Agosti 1950 akafunga ndoa na Hildegardi, wakajaliwa Pankras na Zita.

Mwaka 1968 alihamishiwa Mbinga, kwenye shule waliyosoma watoto wa wakulima wa kahawa, wa watumishi wa serikali waliotoka mikoa mingine, na wa wataalamu wa kigeni. Kipindi cha dini kilipofika aliuliza watoto dini zao, na Waislamu akawatoa nje wakamwagilie miche ya kahawa ya shule. Irena, binti wa Bwana Marek, mhandisi wa barabara, alipoinuka kuwafuata wenzake wenye makopo ya maji, Mwalimu alimshika mkono akamrudisha, akisema kwa kicheko, "Mzungu gani asiyesali? Si ninyi mliotuletea dini?" Darasa likaangua kicheko, Irena akakaa, na katekisimu akaijua kuliko wote.

Jumapili ya komunyo ya kwanza, mwaka 1970, akiwa mstarini na gauni jeupe aliloshonewa na Mama Hildegardi, padre alimwuliza alibatizwa wapi, akajibu hajabatizwa, na kwao hawasali, naye akatolewa mbele ya kanisa zima. Bwana Marek alikuja kumchukua, hakufoka, alisema tu, "Mwalimu, wengine uliwauliza."

Mwalimu aliacha kufundisha dini, na kila alipopita kwenye miche ile aliinamisha kichwa, kwa aibu ya yule aliyemrudisha ndani, na ya wale aliowatoa nje.

Februari 1976 alianza kuugua kifua, akalazwa hospitali ya Liuli, akafariki tarehe 9 Juni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela, na walimu wenzake.

Kitandani aliagiza kwamba Mzee Athumani, bwana misitu, ambaye wanawe walimwagilia miche ile, aulizwe kama angependa kumwombea dua kaburini kwa dini yake. Wazee wa ukoo walibishana sana, mwishowe wakakubali, na Zita ndiye aliyekwenda kumwuliza. Mzee amekubali, na amekaa hapa mbele pamoja nasi.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Safari hii tumeuliza.