Shahidi Asiye na Maneno

Benchi la kijiwe cha Ufukoni linatazamana na bomba la maji la mtaa, na bomba lenyewe limelala chali tangu lori la Kanta lilipoligonga wiki iliyopita, mchana kweupe, dereva akaondoka zake. Hapo ndipo alipotua mwalimu Sabra baada ya alasiri, na karatasi za tamthiliya yake ya mahakamani. Onyesho ni Jumamosi, mbele ya mkutano wa mtaa. Wa kuigiza hakimu walijitokeza saba. Wa kuigiza shahidi, hata wa dawa. Sabra alikuwa ameapa haondoki bila shahidi.

— Nafasi hii yako, Redio.

Athumani, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi, alizipekua karatasi mbele nyuma.

— Mwalimu, maneno yangu yako wapi?

— Huna maneno. Una maelekezo. Soma kwenye mabano.

— “Shahidi anasimama kabla hajaitwa. Haketi.” Basi? Mie ntu mzima nipige kanzu pasi nikasimame kama mnazi?

— Ndio wajibu wa raia huo. Hakimu anauliza nani aliona, ukumbi mzima unatazama chini, mmoja anasimama. Nikimpa hotuba, watu watapiga makofi wakalale.

Fahad, aliyewahi kulinda lango la kiwanda cha gesi kule Madimba na tangu hapo akaitwa Gesi, alishusha kikombe cha kahawa.

— Asimame taratibu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Nyama gani mahakamani? akauliza Redio.

— Posho! akajibu Gesi.

— Hamjui kusoma nyie, akadakia Jumanne, Wakili wa kijiwe, aliyesomea sheria dirishani mwa mahakama kwa kusikiliza kesi za mbuzi. “Haketi” maana yake benchi lina misumari.

— Wakili, hicho kikombe cha ngapi? akauliza Redio.

— Cha nne. Na hajaitwa kwa sababu hana jina. Hana jina kwa sababu kafa onyesho la kwanza. Huyo ni mzimu!

— Ndiyo maana hasemi! Gesi akajipiga paja, akachomoa methali iliyomjia kwanza. Akutukanaye hakuchagulii tusi!

Sabra alifumba macho. Miaka mitatu ya chuo kikuu, na hakuna profesa aliyemwonya kuhusu misumari.

— Athumani, ndiyo au hapana?

— Niongezee mistari mitatu tu. Niseme nilikuwa wapi, niliona nini...

— Hapana. Kusema unasema kila siku.

Mwanamke mwenye ndoo tupu akasimama kando ya bomba. Ni Subira, mpangaji mpya wa nyumba ya kona.

— Asalamu alaikumu, wazee wangu. Hivi hili bomba nani kaligonga?

Redio ikaisha betri. Gesi akachungulia kikombe kilichokauka. Wakili akaanza kukagua kidole chake cha mguu.

— Nauliza tu, jamani. Mjumbe anasema kesi haisogei, hakuna aliyeona. Na benchi lenu naona linatazama hapa hapa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akanong'ona Gesi.

Mbao zikalia. Athumani alikuwa amesimama.

— Redio, kaa chini, akasema Wakili, sauti imempungua. Yule dereva ni mpwa wangu.

— Najua. Na mie nilimwona.

— Kaa, ndugu yangu.

Hakukaa. Alitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu, akazivaa, akashika njia ya ofisi ya mtaa. Subira akamfuata na ndoo yake.

Sabra alizichukua karatasi zilizobaki benchini, akachomoa kalamu. Mwisho wa mabano akaongeza: “Anakwenda.”