Silvère Twagirayezu na Boti Iliyorefushwa kwa Ajili ya Cherehani

Ndugu waombolezaji, familia imekubaliana kumwelezea marehemu jinsi alivyokuwa, bila kumpamba. Yeye mwenyewe hakupenda mapambo.

Silvère Twagirayezu alizaliwa Kigoma, Tanzania, tarehe 9 Juni 1959, mtoto wa kwanza wa marehemu Mugenzi, seremala. Alisoma huko huko, akahitimu michoro ya ufundi mwaka 1981.

Alichora boti za mizigo za Ziwa Tanganyika hadi mwaka 1997, alipohamia Kigali kufundisha katika chuo kimoja cha Remera. Mwanafunzi aliyechelewa alikuta mlango umefungwa. Wengi walimlaumu, wengi hao hao wako hapa leo, na wamewahi.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Flaviana Mukabalisa, fundi cherehani wa Kabeza, wakaishi huko huko.

Alipostaafu mwaka 2019, alianza kusanifu boti ya kuishi kwenye Ziwa Muhazi: mitumbwi miwili mirefu na myembamba, iliyounganishwa kwa sakafu yenye vyumba juu yake. Boti ya namna hiyo hukata maji kwa mota ndogo ya umeme wa jua, mradi isizidishiwe uzito. Kwa hiyo kila kitu kilipita kwenye mizani. Kabati la harusi lilikataliwa. Makochi yalikataliwa. Ilipofika zamu ya cherehani ya chuma, Flaviana alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, akamwambia, "Baba Gaju, hii ikibaki Kabeza, na mimi nabaki."

Silvère alirudi mezani, akatupa kazi ya miezi minne, akachora upya mitumbwi yote miwili ikiwa mirefu zaidi. Mashemeji walimtania kwamba fundi wa boti ameshindwa na cherehani. Akawaambia, "Boti isiyombeba mke wangu ina kosa, na kosa ni la mchoraji."

Walihamia humo Aprili 2021. Cherehani ilikaa upande wa kulia, kitanda, vifaa vya Silvère na yeye mwenyewe kushoto, boti isilale upande.

Septemba 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alifariki hospitalini Kigali asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Anazikwa Gahanga.

Ameacha mjane, Flaviana. Watoto wawili, Gaju na Ishimwe. Na mdogo wake, Norman.

Jumanne, Flaviana alirudi botini kuchukua nguo za maziko, akaikuta imelalia kulia. Hakumwita mtu. Aliisukuma cherehani kuelekea upande wa mumewe, mpaka sakafu ikakaa sawa. Amesema atabaki kuishi humo.

Mungu amjalie Silvère pumziko la amani.