Insha ya Rafika

Mbele ya mkahawa wa Mounir, mjini Sfax, lipo benchi ambalo kila asubuhi huwa na wenyewe: Hedi Masmoudi, dereva mstaafu wa basi, maarufu kama Redio; Abdelwaheb Kallel, anayeitwa Daktari kwa kuwa ana dawa ya kila jambo; na Lamine Ghorbel, anayeitwa kwa heshima Si Lamine, yaani Bwana Lamine, aliyefundisha insha miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo habari ilikuwa moja. Rafika, binti wa Beshir fundi saa, ameacha kazi kwa wakili baada ya barua yake kurudishwa imechorwa mistari myekundu. Siku ya nne hatoki chumbani.

— Vijana wa leo mayai, alisema Redio. Ukiwagusa tu, wamepasuka.

— Ni simu, alisema Daktari. Kutwa wanasifiwa na watu wasiowajua.

— Simu gani, bwana. Mkate huu. Wanautia dawa ulainike, na moyo nao unalainika.

— Wewe uliyekula mkate mgumu, mbona ulilia walipokubadilishia njia?

— Lilikuwa vumbi.

— Basi ni moshi wa kiwandani. Unaingia uti wa mgongo, mtu hawezi kusimama akaambiwa kosa lake. Si Lamine, wewe ulimfundisha. Alikuwaje?

Si Lamine alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

— Alikuwa na adabu, alisema.

Hakusema kwamba Rafika alisoma masomo ya jioni ya kulipia nyumbani kwake, na kwamba waliosoma huko hawakupata chini ya kumi na saba kwa ishirini. Alama ya mwaka ilijumlishwa na ya mtihani wa mwisho, na akina baba walikuwa wakilinganisha walimu.

Daktari alikuwa angali na la kusema Rafika alipotokea, macho yamevimba, daftari mkononi. Aliwasalimu wote kwa majina, akalifungua mbele ya Si Lamine. Insha ya kurasa nne, safi, bila mstari mwekundu hata mmoja. Chini, kwa mwandiko wa Si Lamine mwenyewe: kumi na nane, bora kabisa.

— Mwalimu, makosa ya kwenye barua yote yamo humu. Hii uliisoma?

Daktari akageukia barabarani.

Masikio yakiwaka moto, Si Lamine alivaa miwani, akaanza kuisoma.