Lenzi Ndani ya Soksi

Kwenye tramu ya jiji la Sofia nilikaa nyuma ya mwanamke mwenye kamera shingoni na mzee aliyekuwa anapeleka lenzi kuuza soko la mitumba, kaitia ndani ya soksi ya sufu. Hawakuwa wanajuana, ila kamera ilishawapa sababu ya kubishana.

“Mimi nataka lenzi ndefu, baba,” alisema mwanamke. “Nimpige mtu picha kutoka ng’ambo ya barabara, asinione.”

“Wewe mpiga picha au mpelelezi?” Mzee akacheka. “Kwa bei yake unapata pikipiki! Chukua hii fupi. Haivuti vya mbali, utasogea kwa miguu yako.”

“Naona aibu kuwasogelea watu.”

“Basi hakuna lenzi ya kutibu hiyo, binti.”

Mimi nilijifanya nasoma gazeti, ukurasa uleule tangu vituo vinne vilivyopita.

Mwanamke akaitoa lenzi kwenye soksi, akaifunga kwenye kamera, akachungulia. “Mbona ukungu mtupu?”

“Izungushe kwa mkono. Ya zamani hiyo, haikufanyii kazi.” Akavua kofia, akalaza nywele chache zilizobaki. “Haya, anza na mimi. Nikifa watabandika tangazo la kifo lenye picha yangu mlangoni kwetu, na picha waliyonayo ni ya kitambulisho. Sitaki majirani wapite kila siku nimewanunia.”

Mwanamke akashusha kamera. “Usiseme hivyo, baba.”

“Sogea,” alisema mzee, akatabasamu, tayari kupigwa.

Kituo changu kikafika, nikashuka. Nikiwa chini nilitazama dirishani: mzee bado ameshikilia tabasamu lake, na mwanamke bado hajasogea.