Saa Moja na Dakika Hamsini Hewani: Kumuaga Dada Kipaza

Ifikapo tarehe 30 Juni, mtangazaji wa safari wa kiwanja chetu cha ndege, maarufu kwa jina la Dada Kipaza, atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Katika muda wote huo sauti yake haikukauka, isipokuwa wiki moja ya mafua, ambapo baadhi ya abiria walidhani kiwanja kimebadilisha uongozi.

Alianzia katika chumba kile kidogo cha juu, chenye kiti kimoja, feni isiyozunguka na dirisha linalotazama mizani ya mizigo. Mwaka wake wa kwanza alitangaza kwamba kwenda kiwanja cha kaskazini ni "safari ya saa moja na dakika hamsini". Mzee mmoja aliyekuwa akienda kumwoza binti yake akaelewa kuwa ndege inaondoka saa moja na dakika hamsini, akaagiza chai ya pili. Ndege iliondoka saa moja kamili. Harusi ilifungwa kesho yake, bibi harusi akiwa amenuna. Tangu hapo Dada Kipaza hutamka "muda wa kukaa hewani", maneno ambayo hayajamponza abiria yeyote.

Yalimponza yeye. Mumewe ni mwalimu wa hesabu katika mji huo wa kaskazini, anakomtunza mama yake mzazi asiyeweza kusafirishwa. Kanuni humruhusu mtumishi kuhamia kwa mwenzi wake iwapo tu wametenganishwa na safari inayozidi saa mbili, kwa usafiri wa haraka kuliko wote. Kwa basi ni siku mbili. Alipoomba kuhamia huko, ofisi kuu ikamjibu kwamba mwombaji mwenyewe hutangaza kila asubuhi, kwa sauti inayosikika hadi kwenye maegesho, kuwa ni saa moja na dakika hamsini. Ni kweli kwamba kurudi, kwa sababu ya upepo wa mbele, huchukua saa mbili na robo. Kwa hiyo angekuwa kule, angestahili kuhamishiwa hapa, mahali ambapo hana mume.

Dada wa ukaguzi wa mizigo alimshauri bila kificho: "Shoga, ongeza robo saa tu. Nani atakushtaki, mawingu?"

Akajibiwa: "Na anayesubiri kule na gari la kukodi kumpokea mgonjwa wake? Nimwambie asubirie ndoa yangu?"

Kesho yake akatangaza vilevile. Aliomba tena na tena, akakataliwa kila mara kwa lugha nzuri. Binti yao alikua akiamini kwamba baba wote duniani hupatikana kwenye mlango wa wanaowasili.

Kwa niaba ya watumishi wote, na ya madereva wa teksi ambao hawakuwahi kusubiri bure kwa sababu yake, tunamshukuru kwa unyofu uliomgharimu nyumba yake.

Mstaafu haombi uhamisho kwa mtu. Jumamosi atapanda ndege ya asubuhi, akiwa na tiketi ya kwenda tu. Mwalimu ameshapiga simu mara tatu kuuliza kama ndege itawahi.

Dada yetu, maisha yako yawe mema kwako na kwa mwenzako. Nasi tunaomba, kwa heshima na taadhima, usirudi.